Jicho Lisuguliwalo na Jicho Likatwalo



Mama mmoja wa Katuba, mjini Lubumbashi, ameniletea barua. Mwanawe wa kwanza ana umri wa miaka 18, naye yu katika darasa la mwisho la sekondari. Tangu utoto macho yake humwasha, hasa wakati wa kiangazi vumbi jekundu likijaa njiani, naye ameyasugua mpaka kusugua kumekuwa kwake kama kuvuta pumzi. Katika miaka miwili miwani yake imebadilishwa mara tatu, na hata ile ya tatu haimfai tena. Usiku akitazama taa moja, huona kama taa tatu zilizokaribiana. Mjomba wake, mtu mwenye moyo mwema na biashara nzuri, amesema: “Kwa nini kijana ateswe na vioo? Nitampeleka nchi za nje, atengenezwe macho kwa mwanga wa leza. Ni kazi ya siku moja, naye ataitupa miwani.” Mama anauliza: “Ndugu mwandishi, tukubali, ama tungoje?”

Mama mpenzi, jibu langu ni hili: mshukuruni mjomba kwa moyo wote, wala msikubali bado. Sitaki kukuacha na neno hilo tupu, maana amri isiyoelezwa haidumu nyumbani. Basi nitaeleza sababu zake polepole, na wazazi wengine wasikilize, kwa kuwa jambo hili si la nyumba moja tu.

Kwanza tujue jicho lilivyoumbwa. Mbele ya ile duara nyeusi au ya kahawia, Mungu ameweka kioo kilicho hai, kisicho na mshipa wa damu hata mmoja, safi kama maji ya chemchemi. Waganga hukiita konea. Katikati yake unene ni kama mikroni 540, yaani zaidi kidogo ya nusu ya milimita. Kazi yake ni kubwa: karibu theluthi mbili za nguvu yote ya jicho ya kukusanya mwanga ni za konea. Nayo imefumwa kwa nyuzi nyembamba mno za kolajeni, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, kama mkeka juu ya mkeka. Nyuzi za upande wa mbele zimeshikamana kuliko zile za nyuma, nazo ndizo hasa zinazokipa kioo hicho nguvu. Kwa ndani jicho lina maji, na maji hayo husukuma konea kila saa, usiku na mchana.

Mmewaona wauza makala waingiao Lubumbashi alfajiri, baiskeli zao zimelemewa na magunia. Tairi likichakaa pahali pamoja, mpira wa ndani hutokeza hapo kama jipu. Je, hewa imezidi? La. Hewa ni ile ile ya jana. Kilichopungua ni nguvu ya tairi. Ndivyo yanavyokuwa mambo ya konea. Ikidhoofika mahali, yale maji ya ndani, yasiyozidi kipimo chake cha kawaida, huisukuma hata ikabenuka na kuchongoka. Hapo mwanga hauingii tena kwa utaratibu. Hutawanyika, na mtu huona vivuli, herufi mbili mbili, na taa zenye mikia.

Udhaifu huo huweza kuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya maumbile, nao ugonjwa wake huitwa keratokoni. Konea, badala ya kuwa na umbo la mviringo mwanana, huchongoka kama pia wanayoizungusha watoto. Daktari John Nottingham wa Liverpool, Uingereza, aliueleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1854. Kwa kawaida huanza katika umri wa kubalehe, huendelea katika ujana, na mara nyingi hutulia mtu akikaribia miaka 40. Huyashika macho yote mawili, ijapokuwa moja hutangulia. Hauna maumivu mwanzoni, na kwa hiyo hauogopwi. Dalili yake ya kwanza ni miwani inayobadilishwa mara kwa mara bila kufaa.

Ugonjwa huo watoka wapi? Sehemu moja ni urithi, kwa maana huonekana katika baadhi ya jamaa zaidi ya nyingine. Lakini urithi peke yake hauelezi yote. Waganga wa nchi nyingi wameona kwamba wagonjwa wengi wa keratokoni ni watu waliosugua macho yao sana, kwa nguvu, kwa miaka. Vifundo vya vidole vinapokandamiza konea mamia ya mara, zile nyuzi huteseka na kulegea. Mwenye konea imara huenda akastahimili. Aliyezaliwa na konea nyembamba hastahimili.

Tena ugonjwa huo haukugawanywa sawasawa duniani. Huko Uholanzi, hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha mtu 1 kati ya 375. Huko Riyadh, Saudia, mwaka 2018 ilitangazwa kwamba watoto na vijana 522 walipimwa konea, na karibu 1 kati ya 21 alikuwa nao. Hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja, wala haifai kuzilinganisha kama magunia kwenye mzani mmoja. Walakini zinatuonya sisi tukaao katika nchi za jua kali na vumbi, ambako macho ya watoto huwasha sana.

Hapa twafika nyumbani kwetu. Kuna ugonjwa wa macho ya kuwasha ambao waganga wa lugha ya Kifaransa huupa jina refu: limbo-konjuktiviti ya nchi za joto. Mnaujua, hata kama hamlijui jina lake. Mtoto huwashwa, hukimbia jua, machozi humtoka, na weupe wa jicho hugeuka rangi ya kahawia kuizunguka konea. Mwaka 2003 madaktari wa Kongo waliandika habari za ugonjwa huo mjini Lubumbashi katika jarida la madaktari wa macho wa Ubelgiji. Basi si ndoto ya mwandishi. Mara nyingi ugonjwa wenyewe hupungua mtoto akishakua. Lakini mkono uliozoea kusugua miaka kumi waweza kuacha nyuma konea iliyolegea, nayo haijirudii yenyewe.

Sasa njia ya pili, ambayo ni kazi ya mikono ya watu. Tangu miaka ya 1990 waganga wamekuwa wakitumia mwanga wa leza kuwaondolea watu miwani. Ile namna iliyoenea sana huitwa LASIK, na jina hilo lilitoka kwa daktari Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete, Ugiriki. Mganga hukata tabaka nyembamba mbele ya konea, hulifunua kama jalada la kitabu, kisha kwa leza huondoa kiasi kidogo cha nyama ya ndani ili kubadili umbo la kioo, na mwisho hulirudisha jalada. Mamilioni ya watu wametendewa hivyo wakaona vema, wala si haki kuisema kazi hiyo kama ni uovu. Ni kazi ya akili, nayo ni zawadi ya Mungu kwa wanadamu.

Lakini hebu tufanye hesabu, kama mama anavyohesabu fedha ya soko. Tuseme konea ina mikroni 540. Jalada huchukua 120. Mtu asiyeona mbali, mwenye miwani ya nguvu 6, huondolewa kama mikroni 15 kwa kila nguvu moja, jumla 90. Chini ya jalada zimebaki 330. Vema. Sasa tuseme mwingine ana konea ya mikroni 480, jalada lake ni 140, na miwani yake ni ya nguvu 7. Leza itachukua 105, nazo zitabaki 235. Waganga wengi huweka mpaka kwamba zisibaki chini ya 250. Huyo wa pili amevuka mpaka. Tena kumbukeni kwamba jalada likisharudishwa halibebi mzigo kama zamani, kwa sababu nyuzi zake zimekatwa. Kwa hiyo konea yote huegemea kile kilichobaki chini.

Mwaka 1998 daktari Mjerumani Theo Seiler na wenzake walitangaza kwamba wameona wagonjwa ambao konea zao zilibenuka baada ya LASIK. Udhaifu huo huitwa ektasia. Si wengi wanaopatwa: hesabu nyingi zahesabu chini ya mtu 1 katika kila 100. Lakini mwaka 2008 waganga wa Atlanta, Marekani, walipochunguza habari za waliopatwa, waliona mambo yanayojirudia: konea iliyokuwa na umbo lisilo sawa hata kabla ya kukatwa, konea nyembamba, unene mdogo uliobaki baada ya kukatwa, nguvu kubwa ya miwani, na umri wa ujana. Angalieni jambo la kwanza. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa tayari na keratokoni iliyojificha, au mbegu yake, nao wakalipa fedha ili ule ukuta mbovu upunguzwe tena.

Magonjwa hayo mawili yafanana wapi, na yatofautiana wapi? Yafanana kwa mwisho wake. Katika yote mawili konea hupungua unene, hubenuka, na miwani hushindwa. Mganga akitazama ramani ya konea bila kujua habari za mgonjwa, huenda asijue mara moja ni lipi. Lakini chanzo ni mbali. Keratokoni huanza ndani ya nyuzi zenyewe, kwa urithi na kwa kusuguliwa, nayo huchipuka katika ujana. Ektasia ya leza huanza siku ya kukatwa, kwa mtu wa umri wowote, nayo yaweza kuonekana baada ya miezi michache au baada ya miaka kadhaa, hata mtu amekwisha kusahau. Katika keratokoni, jicho lilipunguzwa nguvu bila mtu kukusudia. Katika ektasia, mtu alilipunguza kwa hesabu, na hesabu ikakosa, ama konea ilikuwa na siri isiyotafutwa. Na atakayesugua macho baada ya kukatwa huziunganisha njia zote mbili.

Mama wa Katuba, je, waona sasa kwa nini nimesema msikubali bado? Siwezi kuliona jicho la mwanao kwa barua, wala sitasema kwamba ana keratokoni. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Kijana wa miaka 18, macho ya kuwasha tangu utoto, miwani mitatu katika miaka miwili, taa moja kuwa tatu: mawingu hayo ni mazito. Mwenye keratokoni hafai kukatwa kwa LASIK, hata atoe dhahabu. Na hata asiye nayo, macho yake yapaswa kwanza kutulia mwaka mzima au zaidi bila miwani kubadilika.

Fanyeni hivi. Mpelekeni kwa daktari wa macho, siyo kwa mwuza miwani tu. Lubumbashi haikosi pa kuanzia: ziko Kliniki za Chuo Kikuu, iko na kliniki ya macho ya Sainte Yvonne. Mwambieni daktari waziwazi kwamba kijana husugua macho. Ombeni konea ipimwe unene na ichorwe ramani yake. Kama chombo hicho hakipatikani mahali mlipo, ulizeni kilipo. Fedha ya mjomba itapata kazi njema kwanza katika kipimo hicho. Ni sehemu ndogo sana ya gharama ya safari, nayo yaweza kuliokoa jicho.

Na ikionekana kuwa ni keratokoni, msilie kama waliofiwa. Yule yule Seiler, pamoja na wenzake wa Dresden, Gregor Wollensak na Eberhard Spoerl, alitengeneza dawa ya kuzuia konea isiendelee kuharibika, na mwaka 2003 walitangaza habari za macho 23 ya wagonjwa wao wa kwanza. Hutia matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, muda wa nusu saa, kisha huliangaza jicho kwa mwanga wa urujuanimno nusu saa nyingine. Nyuzi za kolajeni hufungamana, nayo konea hukazika. Tendo hilo halirudishi yaliyopotea yote. Huzuia tu hasara isiendelee. Nalo lataka konea isiyopungua mikroni 400 kwa namna ile ya kwanza. Kwa hiyo anayewahi hupata, na anayechelewa huenda akute mlango umefungwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hata waliodhoofishwa na leza hutibiwa kwa njia hiyo, ingawa kwao matokeo hayana hakika ile ile. Baada ya hapo lenzi ngumu, zivaliwazo juu ya jicho, huwapa wengi kuona kuzuri ambako miwani haikuweza kuwapa.

Wachache ambao konea yao imeharibika kabisa hubaki na tumaini moja, yaani kupandikiziwa konea ya mtu aliyekufa. Jambo hilo lilifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905, kwa mikono ya daktari Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc ambao leo umo katika nchi ya Cheki. Wakristu wengine huogopa, wakidhani ni kuiharibu maiti. Nawakumbusha habari za Padri Carlo Gnocchi wa Milano, baba wa watoto yatima na vilema wa vita. Alipokufa tarehe 28 Februari 1956, aliacha agizo kwamba konea zake wapewe vijana wawili vipofu, wakati sheria ya Italia ilikuwa haijaruhusu bado. Miezi michache baadaye, tarehe 14 Mei 1956, Papa Pio XII alisema na chama cha watoa konea cha Italia, akafundisha kwamba zawadi hiyo haivunji heshima ya marehemu, mradi itolewe kwa hiari na haki ya jamaa iangaliwe. Mwaka 2009 Padri Gnocchi alitangazwa Mwenye Heri. Basi hata jambo hilo lazungumzwe nyumbani kwa utulivu, kabla ya siku ya msiba.

Nanyi wazazi wenye watoto wadogo, neno langu la mwisho ni kwenu, maana kwenu ndiko dawa iliyo rahisi kuliko zote.

Mtoto anayesugua macho msimpige mkono. Hasugui kwa utundu. Anasugua kwa sababu anawashwa. Tulizeni mwasho, nao mkono utatulia. Mnawisheni uso kwa maji safi ya baridi anaporudi kutoka vumbini. Mwekeeni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa. Mpeni kofia ya kukinga jua. Fueni mara kwa mara kitambaa cha mto anaolalia. Mwasho ukizidi, mpelekeni kwa mganga apewe matone yanayofaa, kwa maana yapo yale ya kutuliza mwasho ambayo hutumika muda mrefu bila hatari kubwa.

Lakini jihadharini na ile chupa ndogo inunuliwayo sokoni bila cheti cha daktari, ambayo huyatuliza macho kama muujiza kwa siku mbili. Nyingi za chupa hizo zina dawa ya jamii ya kotizoni. Mganga huitumia kwa siku alizozihesabu mwenyewe. Mzazi akiitumia kwa miezi, yaweza kuongeza msukumo wa maji ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, au kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto wa miaka kumi. Vivyo hivyo msitie jichoni maziwa, wala mkojo, wala maji ya majani. Tobiti alipona kwa nyongo ya samaki kwa sababu Malaika Rafaeli alimwongoza mwanawe. Hatukuahidiwa kwamba kila kitu kichungu ni dawa ya macho.

Nanyi walimu, mtoto asiyeona ubao msimwite mvivu kabla hajapimwa macho. Wako waliofukuzwa mbele ya darasa kwa kosa ambalo halikuwa lao, bali la kioo chenye unene wa nusu milimita.

Mama mpenzi, mwambie mjomba kwamba upendo wake haukukataliwa. Umeombwa tu usubiri kipimo. Haraka ya kuitupa miwani isimpotezee kijana jicho lenyewe, maana miwani hununuliwa tena, lakini konea iliyokatwa hairudi ilivyokuwa. Na usiku wa leo, kijana akianza tena kuyasugua macho yake juu ya daftari, usimkemee. Mletee bakuli la maji baridi na kitambaa safi, ukae karibu naye kidogo.

Mtakatifu Lusia, mwombezi wa wenye maradhi ya macho, awaombee ninyi nyote. Mungu azibariki nyumba zenu.